Sura ya Tisa: Injini Ilimtaja wa Kwanza

Bibi Swali aligoma kutia sahihi saa mbili na robo asubuhi, kabla Mkuu wa Kituo hajamaliza kukoroga chai yake.

"Soma tena," Mkuu alimwambia, akilisukuma jalada upande wake wa meza.

"Nimesoma, afande. Nimesoma mara mbili."

Hilo Mkuu hakuwa na shaka nalo. Cheo halisi cha mwanamke huyo kilikuwa Inspekta, lakini jina la Bibi Swali alibandikwa na askari wadogo kwa sababu ya tabia yake ya kumuuliza mtu swali moja mara mbili, kwa maneno yale yale, kama vile hakusikia jibu la kwanza. Jina likamganda. Siku hizi hata mahabusu walimwita hivyo, naye aliitika.

Jalada lenyewe lilikuwa jembamba. Siku tisa zilizopita, mashine ya kupimia wajawazito, ile ndogo ya kubebeka kwenye sanduku, iliibwa stoo ya hospitali. Mlango haukuvunjwa. Kitasa chake kilikuwa kipya, kimewekwa wiki mbili kabla ya wizi na fundi kufuli mwenye kibanda nyuma ya soko. Fundi huyo sasa alikuwa na siku ya nne mahabusu. Saa nane mchana angepelekwa mahakamani, na akishatoka huko ni rumande moja kwa moja, kwa maana kesi mpya zilikuwa zinapangiwa miezi mitano mbele. Kilichokosekana ni sahihi ya mpelelezi.

"Kitasa aliweka yeye," Mkuu alisema, akikunja kidole cha kwanza. "Shahidi amemtambua. Na mambo yake yote haya hapa." Akagonga karatasi saba zilizobanwa nyuma ya jalada.

Bibi Swali alizifunua. Zilikuwa zimechapishwa kutoka kwenye injini ya utafutaji, ile kubwa ambayo kila mtu mjini aliitumia. Katika karatasi ya kwanza kulikuwa na picha ya fundi, kifua na uso, anatabasamu. Chini yake neno mwizi lilijirudia kila mstari wa tatu.

"Hizi ni ushahidi wa nini?"

"Wa sifa yake. Mimi naweza kumwonea mtu. Wewe unaweza. Injini haina shangazi wala shemeji, haimjui mtu. Umeiuliza, imejibu, na imemtaja wa kwanza."

"Nani aliiuliza?"

"Sajini."

"Aliiuliza nini?"

Mkuu aliacha kukoroga. "Nitajuaje? Aliuliza juu ya kesi."

Bibi Swali aligeuza karatasi ya kwanza ikamtazama Mkuu, akaweka ukucha juu kabisa, pale ambapo printa huacha maneno yaliyochapwa kwenye kisanduku. Yalisomeka: *fundi kufuli mwizi wa hospitali*.

"Aliiambia kwanza jibu," alisema, "ndipo akaiuliza."

"Usinichezee maneno, Inspekta. Mpaka saa nane. Usipotia sahihi, jalada nampa Sajini, na wewe nakuhamishia dawati la vitu vilivyopotea."

"Dawati hilo lina kiti kizuri," Bibi Swali alijibu, akachukua jalada na kutoka.

Kompyuta ya kituo ilikaa nyuma ya kaunta ya mapokezi. Ilikuwa moja tu, na iliingiwa kwa akaunti moja ya kituo kizima. Zamani kila askari alikuwa na yake. Kisha mmoja akasahau neno la siri na ripoti zikalala wiki mbili, Mkuu akawaka, akatoa amri kwamba akaunti iwe moja, isifungwe kamwe, na neno la siri libandikwe chini ya kibodi. Ikawa hivyo. Kila mtu alikuja, akauliza lake, akaondoka.

Sajini alikuwa kwenye kiti, kijana mwepesi wa mikono, mwenye bidii ya kutaka kupandishwa cheo. Alisimama.

"Kaa," Bibi Swali alisema. "Chapa 'fundi kuf' halafu usiguse kitu."

Sajini alichapa. Kabla hajaondoa kidole, kisanduku kilijazia chenyewe: *fundi kufuli mwizi*. Chini yake: *fundi kufuli jambazi*. Chini zaidi: *fundi kufuli kuiba hospitali*.

"Unaona, afande?" Sajini aling'aa uso. "Hata sijamaliza. Ndiyo watu wanayoyasema huko nje."

"Nifungulie historia ya utafutaji."

"Ya nani?"

"Ya hapa. Ya kiti hiki."

Orodha ilianza kushuka. Bibi Swali alivuta kiti cha pili, akatoa kalamu, akaanza kupiga vistari kwenye daftari lake, vitano vitano. Alichukua dakika ishirini. Watu wawili walikuja kaunta kuripoti simu zilizopotea na wote wawili waliambiwa wasubiri. Alipofika mwisho alikuwa na vistari themanini na kimoja.

"Mara themanini na moja katika siku tisa," alisema. "Wewe peke yako?"

"Hapana, afande. Kila mtu alitaka kuona. Koplo, watu wa zamu ya asubuhi, dereva." Alisita. "Hata mama mpishi."

"Na wote walichapa neno mwizi."

"Sasa wangechapa nini?"

"Kwa hiyo hao watu wa huko nje ni mimi, wewe, Koplo, dereva na mama mpishi."

Sajini alitazama skrini, kisha akatazama vistari. Haikumchukua muda kuelewa, mjinga hakuwa. Kosa lake lilikuwa la kituo kizima. Kwa siku tisa walikuwa wakiongea na mashine ile ile, kwenye kiti kile kile, kisha wakasikia sauti zao zinarudi na kushangaa kwamba mji mzima unakubaliana nao.

"Shahidi, yule dobi wa hospitali, alimtambua wapi?" Bibi Swali aliuliza.

"Hapa kituoni."

"Shahidi alimtambua wapi?"

Sajini alishusha macho. "Hapa. Kwenye kiti hicho ulichokalia."

"Gwaride la utambulisho?"

"Tulikosa watu wa kupanga mstari, afande. Ilikuwa siku ya gulio, wote walikuwa doria. Nikamgeuzia skrini."

"Skrini ikiwa na picha ngapi?"

"Nyingi."

"Ya kwanza na kubwa kuliko zote ilikuwa ya nani?"

Sajini hakujibu. Bibi Swali aliandika kwamba hakujibu, pamoja na saa.

Fundi kufuli alikuwa amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, amening'inia kwenye nondo za dirisha la mahabusu apate hewa. Aliposikia kufuli la nje alishuka. Alikuwa mtu wa makamo, mfupi, mabega mapana, na vidole vyeusi kwenye kucha ambavyo siku nne bila kazi hazikuvisafisha.

"Kama umekuja na ile karatasi, rudi nayo," alisema. "Nilishamwambia Mkuu."

"Karatasi gani?"

"Ya kukubali. Anasema nikikubali nitapata dhamana, nikikataa nitaozea rumande. Binti yangu amekuja kila asubuhi, analia pale nje, ananiambia baba kubali tu urudi nyumbani. Nimemwambia akalie nyumbani. Mimi kitasa nilikifunga. Kukifungua hakunihusu, na sitaki hata ndotoni."

"Uliweka kitasa kipi?"

"Cha mlango wa stoo. Cha funguo tatu."

"Uliweka kitasa kipi?"

Fundi alimtazama, akacheka kwa pua. "Ndiyo wewe Bibi Swali. Haya. Cha mlango wa stoo, cha funguo tatu, na niliteseka nacho. Mtunza stoo alitaka kiwe juu, kupita kichwa changu, ati yeye hapendi kuinama. Mrefu kama mnazi yule! Nikasimama juu ya kreti ya soda kama mtoto anayeiba sukari. Funguo zote tatu nikamkabidhi mkononi, akatia sahihi kwenye daftari langu. Daftari mnalo nyinyi, mmelichukua na viatu vyangu."

"Kwenye injini jina lako linatokea na neno mwizi. Unajua kwa nini?"

"Mimi?" Sauti ya fundi ilipanda. "Nimefungua kibanda miaka ishirini na mbili. Watu wamenipa nyumba zao wakiwa wamesafiri. Hata mtu mmoja hajawahi kuniita jina hilo usoni. Mmoja! Leo naambiwa kuna mahali naitwa hivyo na kila mtu anapaona isipokuwa mimi. Nionyesheni huyo anayesema. Aje asimame hapa."

Bibi Swali alimwona ana haki yote ya hasira hiyo. Alimwambia ajipumzishe, akamwachia ndoo yake.

Saa nne kasoro alikuwa maktaba ya manispaa, kwa wifi yake.

Wifi huyo, dada wa marehemu mumewe, alikuwa mkutubi, na kwa habari za injini za utafutaji alikuwa haambiliki. Juu ya kila kompyuta ya wasomaji alikuwa amebandika karatasi ya mkono wake: USIIAMINI INAYOKUJUA. Aliamini kwamba injini kubwa ina upendeleo, inawabeba wenye fedha na kuwaficha wengine, na alikuwa ameihama akaenda injini ndogo isiyoweka kumbukumbu ya mtu. Tangu hapo aliihubiri kwa yeyote aliyekuja kurudisha kitabu.

"Leo ndiyo umekumbuka una wifi," alisema. "Una shida."

"Nina muda wa saa nne tu, na nina mtu wa kutoa mahabusu. Nataka kompyuta ambayo haijawahi kunisikia."

"Zote hapa huwa nazisafisha jioni. Keti."

Walifungua injini mbili upande kwa upande. Bibi Swali alitoa masharti, kama anavyofanya kwa mashahidi wawili: maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule, kila jibu liandikwe kabla ya kujadiliwa. Kwanza walichapa maneno ya Sajini, na neno mwizi ndani yake.

Injini kubwa ikamleta fundi wa kwanza.

"Nilikwambia!" Wifi alipiga meza. "Hiyo ina upande. Na tazama juu pale, tangazo la kampuni ya kufuli za kisasa. Wamelipia nafasi hiyo. Hao ndio wanaomchafua mwenzao, wachukue wateja wake. Huyo ndiye mtu wako."

Ilikuwa na maana. Bibi Swali alipiga namba iliyokuwa kwenye tangazo. Aliyepokea alikuwa mwanamke mchangamfu, yuko mji mwingine, hajawahi kusikia habari za kibanda nyuma ya soko. Alieleza kwamba tangazo lao humtokea yeyote anayechapa neno kufuli, awe amepoteza funguo za sanduku au anaandika insha ya shule. Milangoni kwa watu hawaendi. Wanauza kwa jumla. Bibi Swali alimuuliza tena, akapata jibu lile lile, akashukuru na kupiga mstari juu ya kampuni hiyo.

"Sasa yako," alimwambia wifi.

Injini ndogo ilifikiri kidogo. Fundi akatokea wa tatu, picha ile ile.

Wifi alisogea karibu na skrini. "Haiwezekani. Hii haina kumbukumbu."

"Haina. Lakini tumeipa neno mwizi, imetutafutia kurasa zenye mwizi. Yako ina adabu zaidi, wifi, siyo kwamba ina macho zaidi. Sasa tuondoe neno. Chapa fundi kufuli, mtaa wa soko, basi."

Majibu yalibadilika pande zote mbili. Injini kubwa ilileta ramani ya kibanda na sifa kutoka kwa wateja. Injini ndogo ilileta anwani, na ukurasa mmoja wa miaka miwili nyuma. Picha ilikuwa hiyo hiyo: fundi ameketi nyuma ya meza, mbele ya kifua chake kitasa kilichofumuliwa, anatabasamu. Bibi Swali alisoma kichwa cha habari kwa sauti.

"*Mwizi anafunguaje mlango wako? Fundi kufuli aonyesha mbinu zote.*"

Wifi alirudi nyuma kutoka kwenye skrini.

"Hili lilikuwa darasa," Bibi Swali aliendelea kusoma. "Fundi aliwafundisha akina mama jinsi ya kulinda nyumba zao. Bila malipo. Neno mwizi limo mara kumi na nne, na kila mara ni mwizi wa kuzuiwa. Nani alichapisha ukurasa huu?"

"Maktaba."

"Nani alichapisha?"

"Mimi!" Wifi alifunika uso kwa viganja. "Mimi, wifi yangu. Darasa lilifanyika pale, kwenye meza ile. Kichwa cha kwanza kilikuwa *Darasa la usalama wa nyumbani* na hakuna aliyefungua. Nikaweka mwizi mbele, wakafungua watu mia tatu. Nilifurahi wiki nzima. Miaka miwili nawaambia watu injini imepinda, kumbe mimi mwenyewe nimemshonea mtu wa watu neno mwizi begani."

Machozi yalikuwa yanamtoka kweli, na Bibi Swali, aliyekusudia kumtania akimkuta amekosea, hakuwa na moyo wa kumtania. Alimwambia achapishe kurasa zote nne za majibu, mbili za kila injini, maneno yaliyochapwa yakionekana juu, na tarehe.

"Lakini injini kubwa bado ina upendeleo," wifi alisema, akipenga kamasi.

"Inao. Na tutaitumia pamoja na yako, kwa sababu mashahidi wawili wenye kasoro tofauti ni bora kuliko mmoja. Nani alikwambia mimi nafanya kazi na mashahidi wasio na kasoro?"

Chumba cha kufulia cha hospitali kilikuwa chini kabisa, kwenye korido inayopita mbele ya stoo. Mashine tatu kubwa zilikuwa zinaunguruma. Kamba nene ilikatiza korido kutoka ukuta hadi ukuta, imeanikwa mashuka ya kijani, yamesogezwa pembeni kuacha njia. Dobi, mama mnene mwenye mikono iliyochubuka kwa sabuni, alikuwa anapiga pasi. Manesi wawili walipita chini ya kamba wakipiga soga, vichwa vyao havikugusa kitu.

"Dada, nilishasema yote kituoni," dobi alisema.

"Ndiyo. Leo sina picha. Nieleze tu ulichokiona, tangu mwanzo."

Dobi aliweka pasi wima. "Ilikuwa asubuhi, zamu zinabadilishana. Nilikuwa hapa hapa. Mtu alitoka stoo na sanduku. Amevaa koti la kijani la wafanyakazi. Akaufunga mlango kwa ufunguo, akajaribu kitasa mara mbili. Akapita pale akaenda zake. Uso niliuona kidogo tu, upande."

"Alipitaje pale?"

"Kwenye kamba? Aliinama."

"Alipitaje?"

"Aliinama, nakwambia. Hivi." Akakunja mgongo. "Kichwa kikaigonga kamba hata hivyo, shuka moja likaanguka, nikalifua upya. Ndiyo maana nakumbuka."

Bibi Swali alisimama chini ya kamba. Yeye hakuwa mfupi, na kati ya utosi wake na kamba palibaki nafasi ya kiganja. Aliipima kwa utepe, akaandika.

"Mama, uliwahi kumwona yule fundi akiwa amesimama?"

"Hapana. Nilimwona kwenye kompyuta. Kifua na uso."

"Kwa nini ulisema ndiye?"

Dobi alikunja shuka alilokuwa analipiga pasi. Mashine moja ilimaliza mzunguko, ikatulia.

"Nilipomwona kwenye kioo, moyo uliniambia siye," alisema. "Yule wa hapa shavu lake ni jembamba. Nikamwambia yule kijana, huyu sidhani. Akasema, mama, injini imetafuta dunia nzima na imemtoa huyu wa kwanza. Dunia nzima, dada! Mimi nina macho mawili na moja lina mtoto wa jicho. Nikasema basi mimi ndiye niliyeona vibaya. Nikabisha na nini?"

"Uko tayari kuyasema haya mbele ya Mkuu wa Kituo? Leo, kabla ya saa nane. Atakukasirikia."

Dobi alizima pasi. "Nimefua mashuka ya hospitali hii miaka kumi na tisa," alisema, akifungua aproni. "Damu, matapishi, yote ni mikono hii. Atanikasirikia kwa kitu gani nisichokijua? Twende. Na ukiniuliza mara mbili mbele yake, nitajibu mara mbili."

Saa saba na nusu walimtoa fundi mahabusu, wakamsimamisha mbele ya meza ya Mkuu. Sajini alisimama pembeni. Dobi alimtazama fundi kuanzia utosini hadi kwenye miguu mitupu, akageuka kwa Bibi Swali.

"Huyu?" alisema. "Huyu angepita chini ya kamba yangu na ndoo ya maji kichwani."

"Angalia vizuri, mama," Mkuu alisema. "Ulimtambua kwa maandishi."

"Nilitambua picha. Mtu wa siku ile aliinama. Huyu akiinama atafika sakafuni. Siye, na nikiulizwa na hakimu nitasema siye, na nitasema pia nani aliniambia kwamba ni yeye."

Bibi Swali alipanga meza taratibu. Historia ya utafutaji, vistari themanini na kimoja. Kurasa nne za maktaba. Kipimo cha kamba. Daftari la fundi, lililofunguliwa penye sahihi ya mtunza stoo aliyepokea funguo zote tatu, mtu mrefu aliyetaka kitasa juu.

"Aliyeiba alikuwa na ufunguo na koti la kazi," alisema, "na akaujaribu mlango mara mbili baada ya kufunga, kama mtu aliyezoea kuulizwa kama amefunga. Mwizi wa kutoka nje hana muda huo."

Mkuu alivuta pumzi. Alijua anakalia kuti kavu, lakini hakuwa mtu wa kushuka kirahisi. "Na karatasi zangu saba? Hizo umezitupa?"

"Sijazitupa, afande. Nimeziongezea ya nane."

Akaiweka juu ya nyingine. Alikuwa ameipata dakika kumi zilizopita, kwenye kompyuta ya kituo, kwa kuchapa cheo cha Mkuu, jina la mji na neno mwizi. Ya kwanza kabisa, kubwa kuliko zote, ilikuwa picha ya Mkuu akikata utepe wa kampeni ya kupambana na wizi wa mifugo. Neno mwizi lilijirudia chini yake kila mstari wa pili.

"Kama saba za kwanza ni ushahidi," Bibi Swali alisema, "na hii ni ushahidi, na sahihi yangu itabeba zote nane. Kama hii ni upuuzi, basi ni upuuzi zote nane. Chagua wewe. Mimi niko tayari kwa lolote, hata kwa kile kiti cha vitu vilivyopotea."

Sajini alikohoa kuficha kicheko. Mkuu aliitazama picha yake mwenyewe, ameshika mikasi. Kisha akachana karatasi zote nane vipande vinne, akaandika amri ya kumwachia fundi, na kumwamuru Sajini achukue gari na askari wawili waende kumkamata mtunza stoo kabla zamu yake haijaisha.

"Na usiguse kompyuta kabla," Bibi Swali alimwambia Sajini. "Nenda ukamwone kwa macho."

Mapokezi walimrudishia fundi mkanda, viatu na pete ya funguo. Binti yake, mwanamke wa miaka thelathini hivi, alikuwa amemshika mkono kama vile atachukuliwa tena. Kisha akatoa simu.

"Baba, twende. Lakini usichape kitu. Usiangalie."

"Nisiangalie nini?"

Hakupenda kumwonyesha, lakini alimwonyesha. Juu kabisa palikuwa na taarifa ya ukurasa wa kituo chenyewe, ya saa sita mchana huo, ambayo Mkuu aliitoa kwa fahari: *Polisi wamnasa fundi kufuli mwizi wa hospitali.* Blogu sita zilikuwa zimeinakili.

Mkuu alikuwa ametoka ofisini kwake. Alisoma juu ya bega la binti, akasafisha koo. "Hiyo tutaifuta, mzee. Sasa hivi. Yaishe."

"Usiifute," fundi alisema.

"Unasemaje?"

"Ukiifuta ya kwako, za wale sita zitabaki, na atakayenitafuta atakuta mwizi asiyejibiwa. Nyinyi mmeandika. Andikeni tena, hapo hapo, na muweke jina langu la kazi kama mlivyoliweka."

Bibi Swali alikwisha kuvuta kiti cha kompyuta. "Kichwa kisemeje?"

"*Fundi kufuli si mwizi: polisi walikosea.*"

"Polisi walikosea!" Mkuu alirudia. "Inspekta, andika 'taarifa ya marekebisho', inatosha. Kwa nini kurudiarudia neno mwizi, kama mwenyewe limemuumiza?"

"Kwa sababu ndilo watakalochapa," fundi alisema. Hakupandisha sauti. "Hakuna atakayekuja kunitafuta kwa neno marekebisho. Jirani akitaka kujua kama anipe mlango wake, atachapa fundi kufuli mwizi. Nataka akilichapa anikute mimi nimesimama hapo, na nyinyi mmesimama karibu yangu mnasema mlikosea."

"Na chini litakaa jina la nani?" Mkuu aliuliza.

"Langu," Bibi Swali alisema, akaanza kuchapa.

Binti alimvuta baba yake mkono. "Basi, baba, wameandika. Twende nyumbani. Siku nne hujalala kitandani."

"Itachukua muda gani kutokea juu ya ile nyingine?" fundi alimuuliza Bibi Swali.

"Sijui. Pengine saa moja, pengine siku mbili. Pengine isitokee juu kabisa."

Fundi alivaa viatu vyake, akafunga kamba za kimoja, kisha cha pili. Alisimama, akalikokota benchi la mapokezi kutoka ukutani hadi nyuma ya kaunta, ambako raia hawaruhusiwi, akalisimamisha mbele ya skrini ya kituo.

"Siku nne nilikaa humu kwa sababu yao," alisema, akiketi. "Leo nakaa kwa sababu yangu. Mkitaka niondoke, mnajua cha kufanya, nikamateni."

Mkuu alimtazama Bibi Swali. Bibi Swali alibonyeza kitufe cha kuchapisha, akamsogezea fundi kibodi.